Maziwa ya stroberi kila siku saa nne: muhula mmoja umenitosha

Januari shule ya binti yangu hapa Nakuru ilitutumia fomu ya maziwa: pakiti moja ya mililita 200 kila siku mapumziko ya saa nne, ladha ya stroberi au chokoleti, shilingi 3,250 kwa muhula wa wiki 13. Nikapiga hesabu, shilingi 50 kila pakiti, nikalipa siku hiyohiyo. Mtoto yuko Gredi ya Pili, basi linampitia saa kumi na mbili na nusu, na asubuhi hamalizi hata chai.

Mazuri yapo na lazima niyaseme. Maziwa hayakukosekana hata siku moja. Pakiti hazikuwahi kuja zimevimba, tarehe zilikuwa sawa, na hayahitaji friji. Nimewahi kukesha na mtoto anayeendesha kwa sababu ya maziwa ya kupimiwa barabarani, kwa hiyo usafi huo nauthamini sana. Protini na kalsiamu zimo vilevile kama kwenye maziwa meupe.

Shida ni sukari. Jioni moja alirudi na pakiti ambayo hakuimaliza. Niliipasua kwa makasi, pembeni kumeganda rangi ya waridi, mrija unanata vidoleni. Mgongoni imeandikwa: sukari gramu 9.5 kwa mililita 100. Maziwa yana sukari yake ya asili, karibu gramu 5 kwa kipimo hicho, na hiyo sina ugomvi nayo. Iliyobaki imetiwa. Nikamwita tupime. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4, tukamimina kisahanini viwili na robo. Akakitazama kile kilima cheupe. "Mama, hii yote ni ya leo?" Ya leo. Kwa wiki ni vijiko kumi na kimoja, na hapo sijafungua kopo la sukari la nyumbani.

Lililoniuma zaidi lilitokea Njoro kwa mama mkwe, mwenye ng'ombe wawili. Kila tukienda humwekea mjukuu wake kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, malai juu. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akigombania malai na binamu zake. Wiki ya sita ya muhula alionja, akasukuma kikombe. "Shosho, haya hayana ladha." Mama hakusema neno, akayanywa mwenyewe.

Nikalipeleka kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu alinijibu kwa upole kwamba bila ladha hawanywi. Mzazi mwingine akasema hata Marekani watoto hupewa ya chokoleti. Ni kweli, lakini tangu Julai 2025 shule zilizo kwenye mpango wa chakula wa serikali kule zimewekewa kikomo: gramu 10 za sukari ya kuongezwa kwa kikombe cha kama mililita 240. Haya yetu kwa ujazo huo yanakaribia 11. Na sisi tuliokunywa maziwa ya Nyayo, yale aliyoyaanzisha Rais Moi mwaka 1979, tulipewa meupe. Tuling'ata pembe ya pakiti tukafyonza mpaka ikabaki bapa. Wengi wetu tulikuwa na njaa, nakubali, lakini hakuna aliyetuzoesha kwamba maziwa lazima yawe matamu. Mtoto hunywa alichozoeshwa, na shule inamzoesha siku tano kwa wiki.

Huduma yenyewe naipa alama za juu. Kinachouzwa, kwa kila siku, hapana. Duka la karibu nasi lina meupe ya muda mrefu, pakiti ya ujazo uleule, bei ileile. Shule iyalete hayo, stroberi ibaki ya siku ya michezo.

Fomu ya muhula wa pili inarudishwa Ijumaa. Ina visanduku viwili tu, kwa hiyo chini yake nimechora cha tatu kwa kalamu, nikaandika "meupe" na kutia alama hapo.