Pimp My Ride kwa jicho la fundi siti

Tuwekane sawa mapema. Mimi siyo mtu wa injini. Nashona siti za magari, silingi, kapeti na makochi, hapa Ilala, na nikipanda gari la mtu jicho langu linatua kwenye mshono kabla halijaona usukani. Kwa hiyo tathmini hii ina upendeleo, na upendeleo wenyewe uko upande wa cherehani.

Pimp My Ride, kipindi cha runinga cha Marekani cha kupamba magari yaliyochoka, kilianza MTV Machi 2004 na kikakoma 2007. Vipande vyake havijakoma. Bado vinazunguka mitandaoni, na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa wakati huo wanakuja ofisini kwangu na simu mkononi: "Dada fundi, nataka ndani kuwe hivi." Nikaona heri nikiangalie upya kipindi chenyewe tangu msimu wa kwanza, nijue ninaletewa nini.

Kwa asiyekijua: Xzibit, mwanamuziki wa rap wa Los Angeles, anagonga mlango wa kijana wa California mwenye gari lililochoka. Siyo lililochoka la kusema "nitalirekebisha mwezi ujao". Hapana. Rangi imebabuka, siti imetema sponji, kioo hakipandi, buti halifunguki mpaka wawili wasukume. Xzibit analizunguka, analicheka, anamtania mwenye gari na ukoo wake mzima. Kisha gari linapelekwa West Coast Customs, gereji ya Ryan Friedlinghaus. Mafundi wanakaa mezani kupanga, zinafuata cheche na muziki, pazia linafunguka, kijana anaruka juu kama aliyeshinda bahati nasibu, halafu anageukia kamera na kuishukuru MTV. Imeisha. Haifiki nusu saa.

Nusu ya utamu ni Xzibit mwenyewe. Anajua kutania gari bila kumdhalilisha mwenye gari, na hicho ni kipaji, kwa sababu wengi wa wale vijana walikuwa wanaendesha vile kwa kukosa hela. Unamwona kijana anatahayari, Xzibit anamshika bega, wanacheka pamoja. Vipindi vingi vilivyoiga mtindo huu vilichukua kelele na kuacha hilo bega.

Mimi lakini nilikuwa namtafuta Ish. Ishmael Jimenez ndiye aliyekuwa fundi wa ndani pale West Coast Customs: siti, milango, dari, buti. Kwenye kikao cha mezani wenzake wanagombania skrini na rimu, yeye anasubiri zamu yake na vipande vya ngozi mkononi. Zisimamishe picha pale gari linapoonyeshwa na uangalie kazi yake. Rangi ya nje anairudisha ndani kwenye paneli za milango, anaipeleka kwenye paipingi za siti, ile kamba nyembamba inayofuata mshono, anaishusha mpaka kwenye buti ambako spika zimezungushiwa nyenzo ileile ya siti. Gari linakuwa kitu kimoja, huoni mahali fundi mmoja alipoishia na mwingine alipoanzia. Huku kwetu mteja anapeleka siti kwangu, milango kwa mwingine, muziki kwa wa tatu, na mwisho ndani ya gari panakuwa na nyeusi tatu tofauti. Ile meza ya kupangia pamoja kabla ya kukata chochote ndicho kitu kimoja ninachotamani tungekiiba kwao.

Shida yangu ni kwamba kamera inamkimbia Ish kila anapoanza kazi. Unamwona anakata kipande, sekunde chache, mkasi unalia, tunaruka kwa mtu wa rimu, tukirudi siti imekamilika na inang'aa. Katikati hapo pamefichwa kazi yote. Siti inafunguliwa boliti, inatolewa nje, kava la zamani linavuliwa pini moja moja, linafumuliwa mshono kwa mshono, kisha vile vipande vinalazwa chini na kuwa kielelezo cha kukatia vipya. Sponji iliyokufa inakatwa na kujazwa, maana ukivalisha kava jipya juu ya sponji iliyolala, mikunjo itatokea wiki ileile. Na ngozi halisi siyo kitambaa cha jora. Ina makovu ya mnyama, upande wa mgongo ni mgumu, upande wa tumbo unavutika, na ukiweka kipande cha tumbo pale panapokaliwa, siti italegea hata ushone vipi. Gari dogo tu linakula ngozi kadhaa. Mtu anakesha akipanga vipande juu ya ngozi kukwepa makovu. Huyo ndiye ningependa kumwona kwenye runinga, hata kwa dakika nne.

Sasa suala la muda. Kwenye kipindi inaonekana kana kwamba gari linaingia Jumatatu na kutoka mwisho wa wiki. Mwaka 2015 tovuti ya HuffPost iliwatafuta baadhi ya vijana waliopimpiwa, na walichosema kilikuwa kingine: magari yao yalikaa gereji kwa miezi. Mimi sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba kuna watu walishangaa. Kazi ya aina ile, bodi, rangi, umeme, muziki, siti, haiishi wiki moja hata uwe na mafundi wangapi, kwa sababu rangi lazima ikauke na mafundi hawawezi kuingia ndani ya gari wote kwa wakati mmoja. Lakini ule uongo mdogo wa uhariri umesafiri mbali. Mteja anayeniambia "dada, ni kava tu, nitapita kesho jioni" hajui ameutoa wapi huo muda. Mimi najua.

Vijana walewale walisema mengine pia. Kwamba uchafu ndani ya magari uliongezwa ili yaonekane mabaya zaidi kabla ya matengenezo. Kwamba baadhi ya vitu vilivyoonyeshwa kwa mbwembwe viliondolewa baada ya kurekodi, ikiwemo mtambo wa shampeni, kwa kuwa pombe na usukani havikai pamoja. Hilo la shampeni siwalaumu waliouondoa. Ningemlaumu aliyeuweka.

Lililonigusa kikazi ni la kijana aliyewekewa taa za LED ndani ya siti. Alisema zikiwashwa zinapata moto sana, ikabidi awe anaendesha bila kuziwasha. Hapa nikapiga paja. Sponji haipitishi joto kirahisi, inalihifadhi. Ukifukia taa ndani yake na kuifunika kwa ngozi, joto halina pa kutokea, na juu yake amekaa binadamu. Taa kama ni lazima zikae chini ya fremu, zimulike sakafu, waya upite kwenye bomba lake na fyuzi yake. Sidhani Ish hakulijua hilo. Nadhani kilichotafutwa pale ni picha ya siti inayowaka, na kamera ikishazima kila kitu ni cha mwenye gari.

Hapo ndipo kipindi chote kilipo, kwa maoni yangu. Kiko gereji, lakini hakihusu gereji. Kinahusu ile dakika ya pazia. Kila uamuzi, kuanzia skrini hadi mashine ya pipi, umefanywa kwa ajili ya ile sura ya kijana akiona, siyo kwa ajili ya asubuhi ya kazini miezi sita baadaye. Ukikiangalia ukijua hivyo, utakifurahia bila kinyongo. Mimi nakifurahia. Ila kwa fundi anayetaka kujifunza, ni karanga za njiani, hazishibishi.

Msimu wa tano na wa sita kazi ilihamia Galpin Auto Sports, watu walio chini ya wauzaji wa Ford wa Los Angeles, na Mad Mike, yule fundi wa elektroniki, akahama nao. Huku mambo yametulia kidogo na gereji ni pana zaidi. Kuna ile sehemu maalumu ya mwaka 2007 ambapo Arnold Schwarzenegger, akiwa gavana wa California, alitokea, na Chevrolet Impala ya 1965 ikafungwa injini ya dizeli ya nguvu farasi 800 inayotumia mafuta ya mimea. Nimesema siyo mtu wa injini, lakini ile hata mimi niliongeza sauti. Ni mojawapo ya mara chache ambapo kilichobadilishwa kilikuwa ndicho kinacholisukuma gari.

Kwa maana kwenye magari mengi, injini wanaipita kwa salamu. Jambo hili linawaudhi sana watu wa spana, na wana haki. Muziki mkubwa na skrini tele vinataka oltaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, na betri za kuvibeba, na uzito wa masanduku ya spika nyuma unazilaza springi. Gari lililokuwa linazimika kwenye taa za barabarani, ukiliongezea vyote hivyo, litazimika likiwa na picha nzuri.

Kuna watu huku wanasema nganya za Nairobi, zile matatu zilizopambwa, zimeiga Pimp My Ride. Hapana jamani. Matatu za Nairobi zilikuwa na grafiti na miziki ya kutikisa vioo tangu miaka ya tisini, MTV hata haijawazia. Tena angalia tarehe: kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, za mkanda, kidhibiti mwendo na ule mstari wa njano ubavuni, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Mwezi uliofuata kipindi hiki kikaanza Marekani. Yaani Wakenya walikuwa wanafutiwa michoro wakati Wamarekani wanalipwa kuichora. Na nganya ina sifa moja ambayo gari la Xzibit halikuwa nayo: lazima irudishe hela kila siku, kwa hiyo siti inashonwa kuhimili abiria wa alfajiri hadi usiku. Ukitaka kuona ushonaji uliopimwa, panda ile.

Anayetaka kuona mikono ikifanya kazi aende Wheeler Dealers ya Uingereza, iliyoanza 2003. Mike Brewer ananunua gari kuukuu, Edd China analitengeneza, taratibu, akieleza kila boliti. Ni kipindi kisicho na mbwembwe na nimejifunza mengi ndani yake. Lakini hata huko kamera ilichoka: mwaka 2017 Edd China aliondoka, akaeleza kwamba upande wa runinga ulitaka sehemu za gereji zipunguzwe kwa kuwa ni ngumu kutengeneza. Yule bwana mrefu aliyekuwa roho ya kipindi akaona afadhali aondoke. Nilimheshimu mara mbili.

Kabla sijasahau, hili ni kwa wanaoleta picha za kipindi. Magari mengi ya Ish yalikuwa ya zamani, hayana mfuko wa hewa ndani ya siti. Gari lako la leo huenda linao. Angalia ubavuni mwa siti ya mbele kama kuna kibandiko kilichoandikwa AIRBAG. Kama kipo, pale pana mshono maalumu uliotengenezwa upasuke siku ya ajali ili mfuko utoke. Fundi akiufunika kwa kava la kubana au akaushona kwa uzi wa nailoni wa kawaida kwa kuwa "mshono umeonekana dhaifu", umelipa hela kujifungia usalama wako nje. Na chini ya siti kuna nyaya zake, hazichomolewi huku swichi imewashwa. Kazi za namna hiyo mimi naziacha kiwandani, au nashona kava linaloacha ubavu wazi. Hazipendezi kama za MTV. Najua.

Hukumu: nyota tatu kati ya tano. Mbili za Xzibit na ule uchangamfu, moja ya Ish. Anza na msimu wa kwanza na wa pili, ndiko wanakocheka kweli; wa nne ukikupita hujapoteza kitu, maana kufikia hapo unakijua kila kitakachosemwa kabla hakijasemwa. Ukiangalia na watoto shika rimoti, lugha inateleza. Na ukifika kwenye onyesho la mwisho la kila gari, sitisha picha pale mlango wa mbele unapofunguliwa, uangalie kona ya chini ya siti ya dereva. Kona hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuivalisha, na kwenye kazi za Ish sijaona mkunjo.