Kuhesabu vichwa au kukagua hali: njia mbili za Marekani za kudhibiti wanyama kupita kiasi

Miji mingi ya Marekani huweka kikomo cha idadi ya wanyama wa nyumbani. Sauk Rapids, Minnesota, uliruhusu mbwa wawili kwa nyumba, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya jimbo iliikubali sheria hiyo. Afisa anahesabu tu. Tatizo nalo liko hapohapo: mwenye mbwa watatu waliochanjwa na wanaoshiba ana kosa la idadi, huku wawili waliofungiwa juu ya kinyesi wakipita hesabu hiyo salama.

Illinois haitaji idadi. Kwa sheria ya jimbo hilo, mlimbikizaji ni mtu mwenye wanyama wengi, asiyewapa matunzo yanayotakiwa, aliyewabananisha vibaya, na asiyetambua au asiyejali hali yao. Yote manne yathibitishwe, kwa hiyo kesi huwa nzito: picha zenye tarehe, ripoti ya daktari wa mifugo, bakuli kavu, amonia inayowasha macho mlangoni. Lakini akitiwa hatiani, mahakama humpeleka kwenye uchunguzi wa akili na matibabu. Hapo ndipo faini tupu hushindwa: walimbikizaji wasiotibiwa kwa kawaida huanza kukusanya upya.

Kwa jirani mwenye mbwa wenye kelele, idadi inatosha. Kwa paka hamsini ndani ya vyumba viwili, haitoshi kabisa.