Riwaya Zilizo Mkononi Mwangu, Bila Kumung'unya Maneno

Nimemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na bado inanikalia mezani. Naifungua popote, nasoma ukurasa mmoja au miwili, naifunga. Riwaya hii ilitoka mwaka 1999, lakini inasimulia Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi ambaye utoto haujamtoka, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kupita kiasi. Anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande mmoja wa mji wa Unguja, mpenda taarabu, fukara wa mali lakini mkunjufu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye pamoja na wenzake wanaingiza maandishi yaliyopigwa marufuku na kupanga namna ya kumng'oa mkoloni.

Ukisikia muhtasari huo unaweza kudhani umekwisha kuijua riwaya nzima: msichana anaonewa, anakutana na mwanamapinduzi, anazinduka, anashika bendera. Mimi nilidhani hivyo, na kilichonishika ni jinsi Adam Shafi alivyokataa kunipa hadithi hiyo. Yasmin anampenda Denge kwanza. Siasa anaikuta kwa sababu Denge hawezi kutenganishwa nayo. Anapenda raha, anapenda kuimba na kucheka, anaogopa polisi kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeogopa. Hajifanyi kuelewa kila linalosemwa wenzake wanapojadili siasa usiku. Kwa hiyo anapothubutu jambo, namwamini, kwa kuwa nimeuona woga wake.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokitumia kwa kila riwaya ninayosoma siku hizi. Najiuliza: je, mwandishi amewaachia watu wake nafasi ya kwenda asikotaka yeye waende? Lugha tamu naipenda, msuko mzuri naupenda, lakini mhusika akiwa amefungwa kamba, na kila anachosema kimepimwa ili kifikishe ujumbe, mimi huanza kuhesabu kurasa zilizobaki.

Kwa kipimo hicho, Mwajuma ndiye mshindi wa Vuta N'kuvute, kwangu kumpita hata Yasmin. Kwenye mikono ya mwandishi mwingine angekuwa shoga tu wa mhusika mkuu, wa kumsikiliza na kumfuta machozi. Hapa ana maisha yake, wapenzi wake, njaa yake na maamuzi yake. Anampokea msichana wa tabaka na kabila lisilo lake bila kutoa hotuba ya umoja. Anamtandikia pa kulala, basi. Nimesoma insha nyingi zinazochambua ukombozi katika riwaya hii, na sielewi kwa nini nyingi zinamtaja Mwajuma kwa mstari mmoja. Bila yeye hakuna riwaya.

Inaponiangusha ni kwa wakubwa wa polisi. Inspekta Wright anafoka, anatishia, anashindwa, anafoka tena. Nilitaka kumwogopa kweli, na mtu humwogopa adui anayefikiri. Halafu katikati kuna kukimbizana na kuponea chupuchupu kulikozidi. Baada ya muda wasiwasi ulinitoka kwa sababu nilijua Denge atapenya. Ila hata kurasa hizo zinasomeka kwa kasi, na Kiswahili chake cha Unguja kina utamu wa mtu anayesimulia bila haraka kwa watu anaowajua. Kama umeanza na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, usidhani umemaliza. Mwajuma wa kitabuni anataka saa nyingi kuliko zile za filamu.

Mara tu baada yake nilirudia Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa makusudi, kwa kuwa ni kinyume chake kabisa. Ni riwaya ya mwaka 1951. Wengi tulikutana nayo darasani, tukaambiwa tutaje dhamira na wahusika, tukafaulu mtihani, tukaiacha. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha sheria, na Waziri Majivuno anataka aangamizwe. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, hata mbinguni na ardhini, wakaleta habari za manufaa, na malipo yao yakawa mateso.

Kwa kipimo changu riwaya hii ingepaswa kuanguka. Majina yenyewe ni ya kimajazi: ukiitwa Majivuno utafanya nini zaidi ya kujivuna? Waziri huyu hapewi hoja moja inayoweza kumtikisa msomaji. Na ukifika kwa mjumbe wa tatu unajua kabisa yatakayompata wa nne.

Hata hivyo, safari hii niliisoma kama kesi, na ikabadilika mbele ya macho yangu. Karama yuko kizimbani. Maisha yake yanategemea kuwaonyesha wasikilizaji kwamba nchi hii ina desturi ya kuwaadhibu wanaoitakia mema, na desturi haithibitishwi kwa tukio moja. Kila mjumbe ni ushahidi mwingine unaowekwa mezani. Kurudiarudia kule ambako wanafunzi hukulalamikia ndiko kunakomwokoa. Nikikumbuka kwamba aliyeandika haya alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwaka 1951, uhuru ukiwa bado mbali, namwona mtu aliyetafuta mahali pa kusimama aseme bila kukamatwa, akapata nchi iliyo hewani. Nitaendelea kusema kwamba watu wake ni wakavu. Lakini nawaomba waliokichukia kitabu hiki shuleni wakirudie sasa, wakisome kwa sauti. Sentensi za Shaaban Robert zimepangwa kwa ajili ya sikio. Zikisomwa kimyakimya zinapoteza nusu ya nguvu.

Ninayoisoma kwa sasa hasa, na ambayo sijaimaliza, ni Peponi. Hii ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomkabidhi kwa Aziz, tajiri wa misafara, ambaye mtoto amezoea kumwita ami. Anadhani anakwenda kutembea. Khalil, kijana aliyemtangulia katika duka la Aziz kwa mkasa uleule, ndiye anayemfumbua macho kwamba huyu si ami yake, kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba.

Sijawahi kukutana na mkandamizaji aliyeandikwa hivi. Aziz hafoki. Ananukia vizuri, anaswali, anazungumza kwa upole, anamtazama Yusuf kwa kitu kinachokaribia mapenzi. Nimejikuta nikimheshimu, kisha nakumbuka kwamba mtoto huyu ni mali yake, na napata kichefuchefu. Gurnah hanishiki mkono kunionyesha nichukie nini. Ananiacha nikae na Aziz hadi nielewe jinsi watu wazima wote waliomzunguka Yusuf walivyoweza kuliona jambo hili kuwa la kawaida. Hapo ndipo nilipomrudia Inspekta Wright moyoni, nikaona alichokosa.

Na kuna Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, mbishi wa kutupwa, mwenye ndoto ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, ingawa yeye mwenyewe si Mwislamu. Mabishano yake na Hamid mwenye duka yamenichekesha hadi nikaweka kitabu chini. Mazungumzo kwa jumla ndiyo nguvu kubwa ya tafsiri hii. Watu wanatupiana maneno kama wanavyotupiana barazani. Napenda pia kwamba ulimwengu ule haukusafishwa. Kabla ya Mjerumani kuushika kila mahali, tayari una dharau zake, una utumwa wake, una watu wa pwani wanaowaita wa bara washenzi na kujiona wastaarabu. Anayetafuta picha ya Afrika iliyokuwa pepo kabla ya mkoloni hataipata humu, licha ya jina la kitabu.

Shida yangu ni Yusuf mwenyewe. Anapokea tu. Anapelekwa, anaachwa, anachukuliwa tena, na kila anayekutana naye anavutwa na uzuri wake, kama Nabii Yusuf ambaye kisa chake kinapita chini kwa chini kitabuni kote. Naelewa kwamba mtoto aliyewekwa rehani hana uamuzi wa kufanya, na kumpa ujasiri wa bandia kungekuwa uongo. Lakini katika sehemu ya safari ya bara, pale msafara unapolipa hongo kwa mtawala mmoja baada ya mwingine, watu wanaugua, mizigo inapungua, nilimtamani aseme neno lolote, hata la kijinga. Ni sehemu ndefu. Inachosha kama safari ilivyochosha, na sina hakika kwamba ilihitaji kunichosha kiasi hicho. Yanayotokea kwa Chatu, mmoja wa watawala hao, yalinirudisha kwa nguvu, sitayasema.

Nimefika pale msafara umerudi pwani na bibi mwenye nyumba, mke wa Aziz, aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta wa bustani, ndiyo kwanza anaanza kupewa sauti. Nalalamika kwamba amecheleweshwa. Bustani ile tumeionyeshwa mapema, maji yake, matunda yake, na mwanamke anayeishi ndani yake tukamsikia kwa tetesi tu. Kama kurasa zilizobaki zitamtendea haki, nitalifuta lalamiko hili.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, naisoma kidogokidogo kwa sababu haisomeki vinginevyo. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe, na ana chuki kwa Manase, mkuu wa wilaya aliyemharibia dada yake Rukia. Anavyowaza kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada wa Manase, kunatisha kwa sababu anatueleza bila haya. Kwa kipimo changu Kazimoto ana uhuru wote, hata uhuru wa kunichukiza. Ninachokilaumu ni kwamba uhuru huo hakugawiwa Rukia wala Sabina. Mara nyingi ni uwanja tu ambao wanaume hawa wawili wanapigania. Na yapo mabishano kuhusu maisha na Mungu ambamo namsikia mwandishi akiwasemea wahusika. Simpi kitabu hiki mtu aliye katika kipindi kigumu. Anayetaka kumjua Kezilahabi aanze na Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971. Nayo inauma, lakini utampenda Rosa, na mapenzi hayo yatakubeba.

Usiku, akili ikichoka, naisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali bin Said imekutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanaingia kazini. Inanipumzisha, nami naiheshimu kwa hilo, maana kumpumzisha msomaji ni kazi. Watu wengine wote wanaona mzimu, Bwana Msa anaona binadamu aliyeua. Kasoro yake ni kwamba yanayomfikisha Bwana Msa kwenye jibu anajiwekea mwenyewe hadi mwisho, na mimi hupenda kushindana na mpelelezi nikiwa na taarifa alizonazo. Mazungumzo yamejaa vichekesho. Usiruke hata yale yanayoonekana ya kupitisha muda.

Nikimaliza Peponi, inayofuata ni Haini, ya Adam Shafi tena, iliyotoka mwaka 2003. Imejengwa juu ya kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume, Rais wa Zanzibar, mwaka 1972, na Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Nina hamu nayo na nina hofu nayo. Mwandishi aliyeumizwa ana kila sababu ya kuwachora watesaji wake kwa rangi moja, na sitamlaumu akifanya hivyo. Ila huyu ndiye aliyemwandika Mwajuma. Nataka kuona kama kuna mlinzi wa jela, hata mmoja, aliyemwacha afikiri.