Barua za Darwin mtandaoni: hazina ya bure kwa walimu wa Unguja na Pemba

Chuo Kikuu cha Cambridge kimeziweka wazi mtandaoni barua za Charles Darwin zipatazo 15,000, alizoandika na alizoandikiwa, tangu 1822 mpaka alipofariki 1882. Zimepigwa chapa na kutiwa tanbihi, na huna haja ya kulipia kitu. Kwa kuwa ukurasa wa barua ni maandishi zaidi kuliko picha, hauli kifurushi. Kiingereza chake ni cha zamani; mwanafunzi wa skuli atahitaji mwalimu pembeni.

Usianze kutafuta kwa mada, utamwagiwa mamia ya barua. Anza na jina la aliyeandikiana naye, kisha punguza kwa mwaka. Jaribu Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, London, Januari 1862. Barua ya tarehe 25 ni tamu: Darwin ameletewa sanduku la okidi, na mojawapo, ya Madagaska, ina mrija wa mbochi wa kiasi cha futi moja. Anamaka, mdudu gani huyo wa kuunyonya! Mwaka huohuo akatabiri kitabuni kwamba lazima yupo nondo mwenye mdomo mrefu kiasi hicho. Nondo alikuja kutangazwa 1903. Kwa somo la uchavushaji, barua hii inafundisha kuliko mchoro wa ubaoni.

Penye kuteleza ni tarehe. Darwin aghlabu aliandika siku na mwezi tu, pengine siku ya wiki basi. Kilichomo ndani ya mabano ya mraba ni makisio ya wahariri, kwa mhuri wa posta, aina ya karatasi au habari zilizomo. Chukua barua aliyompelekea mwanajiolojia Charles Lyell kumwarifu kuwa imemfikia makala ya Alfred Wallace, aliyefikia mwenyewe wazo lilelile la Darwin la uteuzi asilia: yeye kaandika 18 tu, na Juni 1858 imeongezwa. Barua ya Wallace yenyewe, iliyotoka kisiwa cha Ternate, Indonesia ya leo, imepotea, ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana ilimfikia lini hasa. Anayenakili tarehe na kuyaacha mabano amegeuza kisio kuwa ushahidi.

Nakili na namba ya barua. Tarehe huweza kurekebishwa, namba hubaki. Ila usidhani mfuatano wa namba ni mfuatano wa siku, maana zilizogunduliwa baadaye zimepachikwa katikati kwa kuongezewa herufi.

Anayemtafuta John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekaa Unguja tangu 1866 hadi 1886, na ambaye kima punju kapewa jina lake la kisayansi, hapa si pake. Mambo yake ya mimea yalikwenda Kew. Ajaribu pia tovuti ya Epsilon, inayokusanya pahala pamoja barua za wanasayansi wengi wa karne ile, wakiwemo Faraday na Tyndall. Na akisoma barua za kutoka Unguja, atazame kwanza mwaka: meli ya posta ya kila mwezi kutoka Aden ilianza 1872, waya wa telegrafu (simu ya maandishi) ukafika 1879. Kabla ya hapo barua ilingoja chombo chochote kitakachopita, kwa hiyo majibu yalipishana njiani na barua mpya, na jibu unalolisoma huenda ni la barua ya nyuma kabisa.