Uzoefu wangu na huduma ya kuzibua mfereji wa nyongo Kisumu: stenti, mfuko wa nje na yanayofuata nyumbani

Huduma ninayoieleza ni ya mgonjwa aliyegeuka manjano kwa sababu mfereji wa nyongo umeziba, ama kwa mawe, ama kwa uvimbe wa kichwa cha kongosho au wa mfereji wenyewe. Huzibuliwa kwa njia mbili: stenti, yaani kijibomba cha kushikilia mfereji wazi, inayopitishwa mdomoni kwa kamera kwa utaratibu ambao hospitali huuita ERCP, au mrija unaopenyezwa ubavuni kupitia ini na kumwaga nyongo kwenye mfuko wa nje. Mimi ni mwuguzi wa majumbani, kwa hiyo kazi ya hospitali naipima kwa jinsi mrija unavyofanya kazi wiki kadhaa baadaye. Chumba cha kamera nakipa alama za juu. Maelekezo anayopewa mgonjwa anaporuhusiwa nayapa alama za chini sana, na hapo ndipo tunapopoteza watu.

Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ndiyo itangulie. Daktari akishuku uvimbe wa kongosho, CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa ipigwe kabla ya stenti kuingia. Stenti huharibu picha, hasa ya chuma, na kongosho likivimba baada ya ERCP daktari wa upasuaji hawezi tena kuona vizuri kama uvimbe umeshika mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama uvimbe unaweza kukatwa. Hospitali niliyoizoea, ambayo sitaitaja, hukimbilia stenti kwanza kwa sababu foleni ya CT ni ndefu. Nawaelewa, lakini naona ni vibaya. Kabla ya CT hiyo pimeni pia kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, maana figo za mgonjwa wa manjano huumia upesi.

Tena si kila mgonjwa wa manjano anayengoja upasuaji anahitaji stenti. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa wa uvimbe wa kichwa cha kongosho wenye bilirubini, ile rangi ya manjano kwenye damu, kati ya 40 na 250 (mikromoli kwa lita). Waliopasuliwa mapema walipata madhara makubwa machache kuliko waliowekewa stenti kwanza. Basi kama bilirubini iko chini ya 250, hakuna homa, na tarehe ya upasuaji iko karibu, muulizeni daktari kama stenti inaweza kurukwa. Shida ya huku kwetu ni kwamba tarehe hiyo ni nadra kuwa karibu. Mgonjwa akiwa na homa, bilirubini ikipita 250, mwasho ukimnyima usingizi, au akiwa wa kungoja wiki nyingi, azibuliwe.

Maandalizi hayana mengi. Asile kwa muda wa saa 6 kabla ya ERCP, na dawa zote za kuzuia damu kuganda zitajwe mapema. Kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kisiachwe: nyongo isipofika utumboni vitamini K hainyonywi, na damu hushindwa kuganda. Sindano ya miligramu 10 ya vitamini K husaidia, ila haifanyi kazi papo hapo. Ichomwe siku moja au mbili kabla, kisha INR ipimwe upya. Wengi hutaka isizidi 1.5. Ulizeni pia kuhusu diklofenaki au indomethasini ya miligramu 100 inayowekwa njia ya haja kubwa. Ni dawa rahisi, na hupunguza hatari ya kongosho kuvimba baada ya ERCP, ambayo ndiyo hatari kuu ya utaratibu huu. Kwa upande wa SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisheni michango imelipwa na idhini imetoka kabla ya siku yenyewe, na mpate jibu la wazi kama stenti imo kwenye malipo au mtainunua wenyewe.

Aina ya stenti ndiyo familia nyingi hazielezwi kabisa. Ya plastiki namba 10 ina upana wa milimita 3.3 hivi. Bakteria na uchafu wa nyongo huiziba, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya miezi 3. Ya chuma hufunguka hadi milimita 8 au 10 na hudumu zaidi, lakini bei yake ni mara nyingi ya plastiki. Kwa mwenye mawe plastiki inatosha, kwani itatolewa. Kwa mwenye saratani isiyoweza kukatwa na anayetarajiwa kuishi zaidi ya miezi michache, ningejikaza kutafuta ya chuma, maana kurudia ERCP kila mara kunamchosha na gharama hujumlika. Jihadharini na stenti ya chuma isiyo na ganda: ikishashikana na nyama haitoki, kwa hiyo isiwekwe kabla ya ugonjwa kuthibitishwa.

Karatasi ya kuruhusiwa mara nyingi husema tu kwamba stenti imewekwa. Msiondoke nayo hivyo. Ombeni iandikwe aina, namba, urefu, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kubadilishwa.

Na sasa homa. Kanda ya Ziwa ni nchi ya malaria, na mgonjwa mwenye stenti akitetemeka kwa baridi usiku, wa kwanza kulaumiwa ni mbu. Anapewa dawa ya malaria kwenye kemisti, siku mbili zinapita, na kumbe stenti imeziba na nyongo imeoza ndani ya ini. Hata kipimo cha malaria kikionyesha kuwa anayo, hakifuti uwezekano huo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye stenti au mrija wa nyongo akipata homa na baridi kali, mkojo ukirudi kuwa wa rangi ya strungi au choo kikipauka, aende hospitali usiku huohuo. Anahitaji antibaiotiki za mshipani, na mfereji uzibuliwe. Vidonge vya nyumbani havifiki pale.

Mfuko wa nje una adha zake. Kwa siku hutoa mililita 400 hadi 800 au zaidi, na kiasi hicho kiandikwe kila siku kwenye daftari. Mwageni mfuko unapofika nusu, maana uzito huvuta mrija. Mfuko ukae chini ya usawa wa ubavu daima, na mrija ubandikwe plasta sehemu mbili. Wekeni alama ya kalamu pale unapoingia kwenye ngozi. Alama ikisogea, mrija umetoka. Kama daktari ameagiza kuusafisha, ni mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi safi ya hospitali, yasukumwe polepole na yasivutwe kurudi. Mkisikia ukinzani au mgonjwa akiumia, acheni. Panapovuja zaidi ni pale mrija unapoungana na mfuko: mifuko ya mkojo inayouzwa kemisti haina mdomo unaolingana na mrija huu, kwa hiyo ombeni kiunganishi wodini kabla ya kuondoka.

Nyongo inayomwagika hubeba maji na chumvi ya mwili. Ikipita lita moja kwa siku mgonjwa hukauka na figo huweza kushindwa. Apewe ORS na kreatinini ipimwe mapema. Ikipungua ghafla huku macho yakizidi umanjano, kagueni kwanza kama mrija umejikunja chini ya nguo. Damu nyekundu mfukoni ni ya kurudi hospitali. Kuna mirija yenye koki ndogo ya kufungia ili nyongo iteremke ndani. Homa ikija, fungueni imwagike nje mkiwa njiani kwenda.

Familia huniuliza kama ini jipya lingemaliza haya. Kwa saratani ya kongosho, kupandikiza ini si tiba. Upasuaji ndio wa kuulizia, na hapo ulizeni bila haya timu inafanya mangapi kwa mwaka, kwa sababu kukata kichwa cha kongosho pamoja na duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, kunahitaji mikono iliyozoea. Huku magharibi, rufaa huelekea Eldoret kwenye hospitali ya Moi, na hospitali ya Tenwek kule Bomet nayo hufanya ERCP. Aliyekatwa kongosho akiona choo chenye mafuta kinachoelea, anahitaji vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula: anywe na tonge la kwanza na vingine katikati ya mlo, sio kabla ya kula.

Kwa stenti ya plastiki, nafasi ya kubadilisha iombwe siku ileile ya kuwekwa, na iwe wiki ya 10, kwa sababu foleni ya kamera nayo hula wiki.