Lenzi ya 70-200mm kwa picha za asili: inunue kabla ya lenzi pana

Kiukweli kama unapiga misitu, milima na wanyama halafu picha zinatoka zimejaa vitu mpaka mtu hajui aangalie wapi, mara nyingi tatizo sio kamera, ni kwamba unaingiza eneo kubwa mno, na hapo ndo naona 70-200, zumu ya kupigia vya mbali, inasaidia kuliko ile lenzi pana, ya kuona eneo kubwa, ambayo wengi wanaikimbilia kwanza. Kwenye kamera ya fulfremu, yenye senza (kile kinachopokea picha) ya saizi ya filamu ya 35mm, lenzi ya 24mm inaona pembe ya kama nyuzi 84, kila kitu kinaingia, matawi, anga tupu, hadi begi lako uliloweka chini. Kwenye 200mm unabaki na nyuzi 12 hivi. Utake usitake utachagua.

Inapong'aa hasa ni milima yenye ukungu, zile safu zinaonekana zimebebana moja juu ya nyingine. Watu husema lenzi ndo inavuta milima, sio kweli, ni umbali uliosimama, piga hapohapo kwa 24mm alafu kata kipande cha katikati utaona safu zimekaa vilevile, ila ubora utakuwa umekufa. Ndo maana zumu haichukui nafasi ya miguu, ukisogea mpangilio unabadilika, ukizumu unakata tu.

Kwa ndege na wanyama ndo utamu wenyewe. Kwa kuwa inaona kipande kidogo sana cha nyuma, hatua moja pembeni inatosha kuondoa lile tawi jeupe lililochomoza kichwani kwa ndege na nyuma pakabaki kijani kitupu kilichofifia. Shuka chini mpaka lenzi iwe usawa wa jicho lake, acha nafasi upande anaoangalia, na kabla hujabonyeza pitisha macho kwenye kingo za fremu, maana uchafu mwingi unakaa huko pembeni.

Gridi ya theluthi, ile mistari ya kwenye skrini inayogawa fremu mara tatu, iwashe, lakini mi naiona kazi yake kubwa ni kukunyooshea mstari wa maji na anga. Mlima ukijirudia kwenye ziwa lililotulia mi mstari wa maji nauweka katikati kabisa, theluthi zipumzike.

Sasa kasoro. Ndege wadogo 200mm haitoshi, labda uwe na kamera ya senza ndogo ya APS-C, zile za kuzidisha 1.5, hapo unapata kama 300. Maua ya karibu nayo sahau, nyingi zinataka uwe mbali kama mita moja hivi ndo zishike fokasi. Alafu uzito, za f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo tundu la lenzi linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi) zinavuka kilo moja, kuna za kilo moja na nusu, kupanda nayo kilima aisee ni adhabu. Chukua f/4, mandhari utapiga f/8 au f/11 tu, hiyo 2.8 utaibeba bure, labda kama wanyama wako ni wa jioni jioni.

Ila hakikisha ina ile kola ya kufungia kwenye tripodi, unageuza kamera kutoka ya kulala kwenda ya kusimama bila kupanga upya kila kitu, na miti mirefu inataka fremu ya kusimama. Baadhi ya f/4 kola inauzwa peke yake, hilo linaniudhi sana, nyota nne kati ya tano.