Kompyuta ya gemu ya bei ya kati kwa mkazi wa Tanga: kadi ipi, na pesa isibanwe wapi

Kwa skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), uamuzi mzito ni kadi ya grafiki. Tanga kuna joto lenye chumvi na umeme unaoyumba, kwa hiyo tunapanga kadi kwa kasi na kwa wati pia.

Ya kwanza ni RTX 4060 ya GB 8 za kumbukumbu: wati 115 tu, feni hazihangaiki. Ya pili RX 7600, wati 165. Ichukue ikiwa bei yake iko chini vya kutosha. RTX 3060 iwe ya GB 12. Ile ya GB 8 ni dhaifu zaidi ingawa jina ni moja. Arc B580 ina GB 12 na ni nzuri, lakini inakuja ya mwisho kwa sababu inataka Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) na prosesa ya karibuni. Kwenye mashine kuukuu inachechemea.

Ukinunua kadi ya mtumba, chungulia tundu la HDMI na skrubu. Ukiona kutu au ukijani, imeshalala sana karibu na bahari, iache.

Prosesa isikuumize kichwa: Ryzen 5 5600 kwenye madabodi (ubao mkuu) ya aina ya B550, au Core i5-12400F. Usishawishike na Ryzen 5 5500, maana PCIe yake, yaani kiungo cha kadi na prosesa, inaishia kizazi cha 3, na 4060 na 7600 zinatumia njia 8 tu za kiungo hicho, hivyo zinabanwa. Prosesa hizi hazina grafiki zake, hivyo waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi. Wengi huuchomeka kwenye madabodi, wakaona giza, wakadhani wameuziwa kimeo.

RAM ni GB 16, vipande viwili vya 8, kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kisha washa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) ndani ya BIOS, menyu ya mipangilio ya madabodi, la sivyo RAM ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400. SSD, yaani hifadhi ya mashine, iwe NVMe (ile ya haraka inayochomekwa kwenye madabodi) ya TB 1.

Pawa saplai ndipo watu wanapobana, na ndipo pasipobanwa. Wati 550 zinatosha, B580 ipe 650. Alama ya 80 Plus inaeleza ufanisi tu, haisemi lolote kuhusu kinga, na ile inayokuja bure na kasha iache dukani. Frijigadi hukata umeme mbovu, ila ikikata na mashine inazima ghafla. Tafuta UPS (betri ya akiba) yenye AVR, yaani kirekebisha volti, na usome wati, si VA, ile namba kubwa ya kwenye boksi: ya 650VA mara nyingi hubeba kama wati 360. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima, si wa kumalizia mechi.

Ukiagiza Kariakoo, mashine iwashwe na gemu ichezwe nusu saa kabla ya kufungwa. Halafu fundi aichomoe kadi na kuifunga peke yake. Ikiachwa ndani, mitikisiko ya basi huvunja tundu la madabodi, na stendi ya Kange utapokea boksi zima lenye mashine mbovu.